Ukitafuta ukoo uliohamahama Marekani, wafuate na majirani zao

Mume wangu ni mzaliwa wa Chicago, na alichokuwa anajua kuhusu asili yao ni kwamba wazee wake "walitoka Kusini". Kusini ipi, hakuna aliyemwambia. Wanetu walipoanza kuuliza, upande wangu wa Tanga nilikuwa na majibu tele. Upande wa baba yao sikuwa na hata jina la kaunti. Nawaandikia ndugu zangu mliooa au kuolewa katika familia za Wamarekani Weusi, maana majibu yanapatikana.

Takriban watu weusi milioni 6 waliondoka Kusini kati ya 1910 na 1970, wakikimbia ubaguzi, mauaji ya makundi ya Wazungu na kilimo cha kugawana mavuno kilichowaacha na madeni. Wengi walifuata reli. Wa Mississippi walipanda treni za Illinois Central hadi Chicago. Wa Georgia na Carolina walielekea zaidi Philadelphia na New York. Kwa hiyo mji waliofikia tayari unakudokeza walikotoka.

Anza na wazee walio hai, na uwaombe vijitabu vya ibada za mazishi. Mama mkwe wangu alikuwa amevihifadhi ndani ya Biblia. Wasifu wa marehemu hutaja alikozaliwa, kanisa alilobatiziwa, na ndugu waliobaki kule.

Kisha ingia kwenye sensa. Hufanyika kila baada ya miaka 10, na majina hufunguliwa baada ya miaka 72, hivyo ya 1950 ndiyo ya karibuni unayoweza kusoma. Zimo kwenye FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, nayo ni bure. Usiishie kwa baba mwenye nyumba. Shuka hadi kwa watoto. Tuseme mwaka 1930 mtoto wa kwanza ana miaka 14, kazaliwa Mississippi. Wa pili ana 9, kazaliwa Tennessee. Wa tatu ana 3, kazaliwa Illinois. Umeshapata safari nzima: kufikia 1921 hivi walikuwa Tennessee, na kufikia 1927 wameshaingia Illinois. Sensa ya 1940 ni nzuri zaidi, kwa sababu iliuliza kila mtu alikuwa akiishi wapi tarehe 1 Aprili 1935. Tena, alama ya X ndani ya duara kando ya jina inakuonyesha nani aliyemjibu karani. Nami naitilia uzito: mke akijibu habari za kwao ni tofauti na mpangaji akimjibia.

Jina likikataa kuonekana, tafuta kwa jina la kwanza, umri na jimbo la kuzaliwa. Makarani waliandika walivyosikia.

Lakini lililotufungulia mlango ni majirani. Watu hawakuhama peke yao. Walimfuata shemeji, binamu, mtu wa kanisa lao. Kwenye ukurasa wa Chicago, nyumba chache chini ya babu wa mume wangu, kulikuwa na familia yenye jina lile lile la ukoo lililo kwenye cheti cha kifo cha bibi yake, pale panapoandikwa jina la mama wa marehemu. Nikawatafuta wale badala ya babu. Katika sensa ya 1910 wako Mississippi, na babu mwenyewe, angali mtoto, yuko nyumba ya jirani, jina limeandikwa vibaya. Kwa kumtafuta yeye peke yake nisingempata kamwe.

Ukirudi nyuma zaidi jiandae. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kutokana na moto wa 1921 mjini Washington. Na kabla ya 1870, waliokuwa watumwa hawakuandikwa majina: orodha za 1850 na 1860 zina umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki. Ukurasa ule unauma kuusoma, na mume wangu ilibidi atoke nje. Usikomee hapo. Kumbukumbu za Freedmen's Bureau, idara ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru kuanzia 1865, zina ndoa na mikataba ya kazi yenye majina yao. Zitafute kwa kaunti ile ile uliyoipata kwenye sensa ya 1870, na uyasome pia majina ya mashahidi.