Wanaolalamikia kelele walikuwa na baraza tayari

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mijadala ya mtandaoni imempa mwananchi sauti au imetuletea kelele tu. Mimi ningeuliza kwanza: nani analalamika? Hapa Amu, mjini Lamu, malalamiko hayo nayasikia zaidi barazani, kwa wanaume ambao tangu jadi siasa wakiijadili pale baada ya Alasiri, kikombe cha kahawa mkononi. Wao sauti walikuwa nayo. Mama zetu hawakuwa na pa kukaa.

Sasa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu wanawake ndio wasemaji. Hawaandiki sana, wanatuma sauti. Juzi jirani yangu alihoji kwa nini majina ya waliopata basari, yaani msaada wa karo, hayabandikwi mahali yakaonekana, na nyuma yake unasikia mbuzi ikikuna nazi. Bwana mmoja akamjibu, “Dada, haya waachie wenyewe.” Naye akarudi: “Wenyewe ni kina nani?” Kundi zima kimya mpaka Isha. Niambieni ni baraza gani angelisema hilo.

Uongo upo, sikatai. Picha za miaka iliyopita husambazwa kama za jana, na uchaguzi ukikaribia wapo wanaolipwa kutukana. Lakini sheria ya Kenya ya makosa ya mitandao ya 2018 tumeiona ikitumiwa kuwakamata wakosoaji, kwa hiyo dawa hiyo siitaki.

Ugomvi wangu ni na vijana wanaodhani kutrendi ndiko kushinda. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu, megawati 1,050, haukukwamishwa na hashtegi. Save Lamu, kikundi cha wananchi wa hapa, na wenzao walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni ya mtambo huo. Sababu mojawapo ni kwamba mikutano na wananchi ilifanywa kabla ripoti ya athari za mradi kwa mazingira haijakuwa tayari. Watu waliombwa maoni juu ya kitu ambacho hawajaonyeshwa! Kuthibitisha jambo kama hilo kunataka karatasi: mkutano ulikuwa lini, nani alikuwepo, aliambiwa nini.

Tarehe hiyohiyo ya 26 Juni, mwaka 2024, Rais Ruto alikataa kutia saini Mswada wa Fedha, siku moja baada ya damu ya walioupinga kumwagika Nairobi. Watu wanakumbuka maandamano. Mimi nakumbuka pia vijana walioufasiri mswada ule kwa lugha za nyumbani wakausambaza bure, kazi ambayo serikali ilipaswa kuifanya yenyewe.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Basi lipokee ujumbe wa sauti kama maoni rasmi, karani auandike, uingie kwenye kumbukumbu sawa na waraka wa wakili. Wa jirani yangu uko tayari, na swali la basari bado halijajibiwa.

Msomaji, Langoni, Lamu