Jibu: Bird au Curry kwenye shindano la pointi tatu?

Ndugu, umeuliza kama Larry Bird, nyota wa zamani wa kikapu, angemweza Stephen Curry kwenye shindano la kutupa pointi tatu (kutupa kutoka mbali) la NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Kwenye mechi za ligi Curry hana mpinzani, hilo nakubali. Ila kwenye shindano lenyewe namchagua Bird. Alilitwaa mara tatu mfululizo, 1986 hadi 1988. Curry kalitwaa mara mbili, 2015 na 2021.

Tafuta video ya fainali ya 1988 kule Chicago. Bird hakuvua hata koti la kupashia misuli. Mpira wa mwisho, ule wa rangi wenye pointi mbili (ile ya kawaida ilikuwa na moja tu), ulipomtoka mkononi akainua kidole juu, akaanza kuondoka, mpira bado uko hewani. Ukazama! Akamshinda Dale Ellis 17 kwa 15.

Na jamani, Craig Hodges mbona hatajwi? Naye alishinda mara tatu mfululizo kuanzia 1990, na 1991 alitia mipira 19 bila kukosa hata mmoja. Hebu fikiria: unageuka, unachukua mpira kwenye kichanja, unatupa, mara 19, na saa inakimbia.