Kikao cha familia kisimrudishe binti kwenye kipigo

Miaka tisa iliyopita nilikaa kwenye mkeka sebuleni kwa kaka yangu, Morogoro, kusikiliza shauri la binti yake. Mkwe alifika na wazee wawili. Wakatusalimia kwa heshima zote, wakakaribishwa chai na maandazi. Binti alikaa karibu na mlango, kajitanda khanga mpaka kidevuni, na kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Vidole vya kulia havikuwa vinakunjika. Niliviona. Sikumwuliza.

Mkwe akasema ni hasira tu, shetani alimpitia. Wazee wakamtoza faini ya shilingi elfu hamsini, akamkabidhi kaka yangu mkononi. Aliyevunjwa vidole hakupata hata senti ya dawa. Mimi, shangazi mtu, ndiye niliyefunga mazungumzo: "Mwanangu, rudi kwako. Ndoa ni kuvumiliana." Akanijibu, "Sawa, shangazi." Wiki ya saba tulimkuta wodini, taya limevunjika.

Yu hai, anashona nguo, analea wanawe wawili, na ameniruhusu niandike haya bila kumtaja. Tangu siku ile nimejifunza sheria kidogo kidogo, kwa kumsindikiza yeye na baadaye mabinti wengine wa mtaani kwetu. Ninachowaomba wenzangu mnaoitwa kwenye vikao vya ukoo ni kimoja: kabla hamjapatanisha watu, hakikisheni kwanza kwamba anayepigwa yuko salama. Sisi ndio mlango wa kwanza anaobisha. Tukimrudisha, wengi hawabishi tena popote.

Tulipokuwa tunakula maandazi yale, hakuna aliyejua kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema mume hana haki ya kumwadhibu mkewe kwa kipigo, wala mke mumewe. Sheria hiyo inatuzidi umri wengi tuliokuwa pale. Kasoro yake ni kwamba kifungu hicho hakikuweka adhabu. Adhabu iko kwenye Kanuni ya Adhabu: kifungu cha 241, shambulio la kudhuru mwili, kifungo hadi miaka 5. Kwa hiyo vidole vile vilikuwa jinai. Sisi tuliviuza kwa elfu hamsini.

Hapa kuna kosa ninalokutana nalo kila mara. Watu wanaamini mke aliyepigwa lazima aanzie kwa mjumbe, aende kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ndipo aende polisi. Si kweli. Baraza linahitajika anayetaka talaka mahakamani. Kifungu cha 101 kinataka mahakama ipate hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na hata hapo mahakama inaweza kulivuka baraza pakiwa na mazingira yasiyo ya kawaida. Kipigo hakisubiri baraza. Aliyepigwa anaweza kwenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, daktari aijaze. Jeraha likiwa kubwa, hospitali kwanza. Na PF3 ikijazwa, itolewe nakala ibaki kwa mtu mwingine. Ya binti yetu ya mwanzo ilichanwa na mumewe, na kesi ikayumba kwa miezi.

Siku hizi kwenye ukoo wetu kikao kina utaratibu, na tumeuandika kwenye daftari la kaunta. Binti anasikilizwa peke yake kwanza, na wanawake wawili, mume na wazee wake wakiwa hawapo. Anaulizwa wazi: amewahi kukukaba? Amekutishia panga au kisu? Unaogopa kulala? Akijibu ndiyo hata kwa moja, harudi usiku huo, na hakuna anayemwita mkorofi. Kila kinachosemwa kinaandikwa, tarehe inawekwa, mkwe anasaini alichokiri. Daftari lile limewahi kuombwa na mpelelezi. Faini ya ukoo tumeifuta kabisa, maana ilikuwa inamfundisha mwanaume bei ya mke wake.

Kaka yangu alipinga sana. Alisema tunavunja ndoa za watoto. Nikamwambia, kaka, ndoa ile ilivunjika na lile taya. Tulikaa kimya siku nyingi baada ya maneno hayo, na bado yananiuma kwa sababu na mimi nilihusika.

Nilimwuliza binti baadaye kwa nini alikubali kurudi. Hakutaja mapenzi. Alitaja watoto na nyumba. Aliambiwa akiondoka watoto ni wa baba, na kiwanja kina jina la mume. Yote mawili yalimtisha bure. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 125, inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kuwa na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea: vinahesabika. Hata walioishi pamoja bila cheti miaka 2 au zaidi, jamii ikiwatambua kama mume na mke, mahakama inaweza kudhania kuna ndoa. Waambieni mabinti haya mapema, siku ya kufundwa, si siku ya kulazwa. Na kiwanja kikinunuliwa, majina yote mawili yaandikwe kwenye mkataba wa mauziano palepale ofisi ya serikali ya mtaa.

Jambo jingine: binti yetu huyo aliolewa akiwa na miaka 17. Kaka yangu aliridhia, na Sheria ya Ndoa ilimruhusu kumwoza binti hata wa miaka 15. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Ukoo hauhitaji kusubiri mtu yeyote ili ukatae kuoza mtoto.

Serikali nayo ina lake. MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18, ulilenga kupunguza ukatili kwa nusu na kuweka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto mpaka ngazi ya mtaa. Ulizeni yenu inakutana lini. Kubwa zaidi ni sheria mahususi. Kenya wanayo tangu 2015, Uganda tangu 2010: anayepigwa anaomba amri ya ulinzi, mpigaji anazuiwa kumsogelea, bila kwanza kufungua shauri la talaka. Kwetu, amri ya kumzuia mwenzi asimsumbue mwenzake chini ya Sheria ya Ndoa imefungwa na shauri la ndoa. Mwanamke anayetaka tu kulala salama analazimika kwanza kufungua shauri la ndoa, kama la kutengana au talaka. Mbunge wenu akija kuomba kura, mwulizeni hilo mbele ya watu.

Mwaka jana tulikaa tena, safari hii kwa mtoto wa mdogo wangu. Nilimpeleka chumbani, nikafunga mlango, nikamwuliza yale maswali. Alikuwa anakunjakunja pindo la khanga. Kwenye swali la pili akanitazama, akasema, "Shangazi, kumbe mnauliza." Alilala kwangu, na asubuhi tukaenda Dawati.