Watazamaji Wanaponizunguka Nikichora

SWALI: Mhariri, mimi huchora kwa rangi za maji ufukweni, mkabala na Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa Ziwa Victoria. Kila nikitandaza vifaa, watu hunizunguka, huyu akiuliza bei, yule akitaka nimchore yeye. Nifanyeje nisionekane mwenye maringo?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, tangu Mmarekani John Rand alipobuni vibomba vya bati vya kuhifadhia rangi mwaka 1841, kuchorea nje kumekuwa rahisi zaidi, na anayechorea nje hana budi kutazamwa. Kaa mgongo ukielekea mwamba au ukuta, kwa kuwa anayesumbua hasa ni yule anayechungulia begani, si aliye mbele yako. Salamu usiinyamazie, hasa ya mzee. Ukishaitikia, mweleze kwa upole kwamba upepo wa ziwa unakausha rangi upesi, hivyo unaomba umalize anga kwanza ndipo mzungumze. Huo si udhuru wa uongo, maana rangi ya maji ikikauka kabla hujaisambaza huacha mabaka yasiyofutika kirahisi. Watoto wape karatasi na penseli (mimi hubeba za akiba), nao watashughulika na michoro yao. Wanaouliza bei waonyeshe picha ndogo zilizokwisha kukamilika.

Lakini ukienda soko la samaki la Mwaloni kuwachora wauza dagaa, mambo hugeuka: hapo wewe ndiwe unayewakodolea watu macho, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kufungua daftari.