Chama kilichomeguka kinaweza kushinda penye vyama viwili vikubwa?

Kinaweza, lakini ni nadra, na kinachokiangusha ni hesabu ya majimbo kuliko uhaba wa wafuasi. Uingereza mwaka 1981, wanasiasa wanne wazito wa Labour, kimoja cha vyama viwili vikubwa vya huko, akina Roy Jenkins na David Owen, walijitoa wakaunda chama cha SDP. Uchaguzi wa 1983 waliungana na chama kidogo cha Liberal wakapata asilimia 25.4 ya kura. Labour walipata 27.6. Sasa tazama viti: Labour 209, muungano wao 23! Kura zao zilitapakaa nchi nzima, na jimbo humpa kiti anayeongoza tu. Ukiwa wa pili kila mahali, unarudi mikono mitupu. Watu zaidi ya milioni saba waliwapigia kura, inauma kweli.

Hali hubadilika pale wanaohama wanapoondoka na ngome nzima. Zanzibar 2019, Maalim Seif, mwanasiasa mkongwe wa upinzani, alipotoka chama cha CUF kwenda ACT-Wazalendo (hakikuwa kipya, kilikuwepo tangu 2014), wafuasi walishusha bendera na kupaka ofisi zilezile rangi za ACT. Visiwani CUF ikabaki jina.