Moto, akili na utashi: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo. Mama yako anauliza kama unakula. Swali lako nimelisoma jana usiku: eti kwa Duns Scotus, yule mtawa Mfransisko na mwanafalsafa wa Zama za Kati, akili nayo ni maumbile tu, kilicho huru ni utashi (uwezo wetu wa kutaka na kuchagua) peke yake, nawe unaona ameidhalilisha akili. Hata mimi nilikasirika hivyo hivyo nikiwa seminari.

Anzia jikoni. Moto ukigusa kuni kavu unaziunguza, haujishauri. Maumbile kwake ni hayo: kisipozuiwa, kinatenda vile kilivyo. Sasa akili yako ikishaelewa kuwa mbili na mbili ni nne, inaweza kubisha? Ukweli ukiwa wazi inaukubali tu, kama moto na kuni. Utashi ndio wenye njia tatu: kutaka, kukataa, au kutulia usitake wala usikatae. Hiyo ya tatu ndiyo tamu. Hata heri kamili, alisema, utashi hauwezi kuichukia, lakini unaweza kujizuia usiitake.

Halafu mantiki yake. Wengi kabla yake waliona kwamba ukishachagua, kwa wakati huo hakuna tena namna nyingine. Yeye akasema ipo: dakika hii hii ninapokuandikia, ningeweza kutokuandikia. Siwezi kufanya yote mawili pamoja, ila uwezo wa lile la pili haujafutika. Na wanaoshikilia kwamba kila kitu ni lazima, alichukua kejeli ya Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu wa kabla yake, akasema wateswe mpaka wakiri kuwa ingewezekana wasiteswe! (Scotus huyo ndiye ambaye Waingereza wa baadaye waligeuza jina lake, Duns, kuwa tusi la mtu mjinga: "dunce".)

Kutoka kwa Anselm, mwanateolojia aliyemtangulia, Scotus alichukua jambo jingine: utashi una mvuto wa kupenda linalonifaa na mvuto wa kupenda lililo haki. Lingebaki maneno ya darasani kama si mwaka 1303, Mfalme Philip IV alipogombana na Papa Boniface VIII, na watawa wa Paris wakaulizwa wako upande wa nani. Waliokataa kumuunga mkono mfalme walipewa siku 3 kuondoka Ufaransa. Scotus alikuwa miongoni mwao: lililo haki mbele, linalomfaa nyuma. Alirudi Paris baadaye, akafia Köln mwaka 1308, hata miaka 45 hajafikisha.

Ukija likizo njoo na daftari lako. Kuhusu akili bado sijakubaliana naye kabisa.

Baba yako