Miguu ya mtoto ikipinda, jua peke yake halitoshi

Hapa Uganda, mzazi akimpeleka zahanati mtoto mwenye matege, mara nyingi huambiwa ampeleke akaote jua. Ushauri huo ni nusu tu ya dawa. Tuko kwenye ikweta, jua lipo mwaka mzima, na bado kuna watoto wanaocheza uani kutwa huku miguu yao inazidi kupinda. Kinachokosekana hapo mara nyingi ni kalsiamu. Nchini Nigeria, watafiti wa miaka ya 1990 waliona watoto kama hao wakipona vizuri zaidi kwa kalsiamu kuliko kwa vitamini D peke yake, ile ambayo mwili huitengeneza kwa jua.

Lakini kwanza hakikisha ni ugonjwa. Hadi karibu miaka 2 miguu kupinda nje ni kawaida. Kwenye miaka 3 hadi 4 magoti huweza kugongana, kisha hunyooka kufikia kama miaka 7. Kumbeba mtoto mgongoni hakuleti matege, wala nepi.

Usitegemee macho, pima. Mlaze chali mkekani, nyoosha miguu, magoti yatazame juu, kisha sogeza vifundo vya miguu hadi vigusane. Weka rula kati ya magoti. Pengo likizidi sentimita 6, nenda hospitali. Likiwa chini ya hapo, andika kipimo na tarehe kwenye kadi ya kliniki, urudie baada ya miezi 3. Angalia tu magoti yasitazame nje, maana hapo hata mguu ulionyooka utaonekana umepinda.

Usingoje miezi hiyo ikiwa mtoto ana maumivu, amepita miezi 18 bila kutembea, au vifundo vya mikono vimepanuka. Mshike taratibu: penye ugonjwa utahisi kama amevaa bangili pana chini ya ngozi. Mguu mmoja ukipinda chini tu ya goti, hasa kwa mtoto mnene aliyeanza kutembea mapema, huenda ni ugonjwa wa Blount, na huo hauponi kwa vitamini.

Hospitalini omba eksirei ya kifundo cha mkono na goti, na damu ipimwe kalsiamu, fosfeti na alkalini fosfatasi (kimeng'enya cha mifupa). Ikithibitika ni matege ya lishe, yaani mifupa laini kwa kukosa kalsiamu au vitamini D, mwongozo wa kimataifa wa 2016 unataka vitamini D yuniti (IU) 2,000 kwa siku kwa mtoto chini ya mwaka 1, na 3,000 hadi 6,000 kwa wa mwaka 1 hadi 12, kwa angalau siku 90, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kila siku. Daktari ndiye apange dozi, nawe soma chupa: nyingine zina yuniti 400 kwa tone, nyingine 400 kwa mililita. Ukidhani moja ni nyingine, mtoto anaweza kunywa mara 20 ya dozi yake. Akianza kutapika, kiu kali, kukojoa sana na choo kigumu, simamisha umrudishe hospitali haraka.

Posho (ugali), mhogo na chai ya rangi havina kalsiamu ya kutosha. Mililita 500 za maziwa kwa siku zina karibu miligramu 600. Maziwa yakiwa ghali, mukene (dagaa) ndio mkombozi, kwa sababu huliwa na mifupa yake. Nunua waliokaushwa juu ya wavu, si mchangani. Waoshe, wakaushe tena kwa moto mdogo, uwasage, uchekeche, kisha tia kijiko kwenye uji. Dodo (mchicha) ni mboga nzuri, ila kalsiamu yake hushikiliwa na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye mboga yenyewe; sukuma wiki inafaa zaidi kwa hili.

Jua nalo lina masharti. Lile la saa 1 asubuhi halitengenezi vitamini D ya maana, wala linalopita kwenye kioo cha dirisha. Kivuli cha mtoto kikiwa kifupi kuliko yeye, mikono na miguu ikiwa wazi, hapo linafanya kazi. Anayenyonya apewe yuniti 400 kila siku hadi mwaka 1, kwa kuwa maziwa ya mama yana vitamini D kidogo mno.

Tafadhali msiifunge miguu kwa vijiti, wala msiikande kwa nguvu. Mifupa laini huvunjika. Mtoto mdogo akitibiwa vizuri, miguu mara nyingi hunyooka yenyewe polepole, hata kwa mwaka au zaidi. Isiponyooka, hospitali za Mulago jijini Kampala na CoRSU pale Kisubi wana wapasuaji wa mifupa. Ila ugonjwa upone kwanza: mfupa uliokatwa ukiwa bado laini hupinda tena. Kabla ya kusaini fomu ya upasuaji, omba uonyeshwe eksirei mpya.